Mgeni Akiomba Jembe

   

Leo tuzungumzie wito. Sisemi wito wa upadri wala wa ualimu. Ni ule unaompata mtu akiwa safarini, mbali na kwao, katika nchi inayoendelea kama hizi zetu. Mtu amekuja kupanda mlima au kutazama wanyama. Amepanda, ameona, amefurahi. Halafu usiku mmoja usingizi unakataa. Kuna jambo amelikuta njiani: mtoto anakwenda shule peku kwenye baridi, au mgonjwa anabebwa kwa machela kwa sababu zahanati iko mbali. Anajiambia, mimi siwezi kurudi nyumbani nikakaa kana kwamba sikuona. Lazima nifanye kitu.

Je, umewahi kukutana na mgeni wa namna hiyo? Ninyi wa Moshi na Arusha, ninyi wa Zanzibar, Malindi na Lamu, najua mmekutana nao. Wengine mmewapokea majumbani mwenu.

Na mapema kabisa niseme ninavyoamini. Wito huo ni wa kweli. Wapo wanaosema hawa wanatafuta picha tu za kuwaonyesha watu wa kwao. Wa hivyo wapo, sikatai. Lakini mtu anayemwona mwenzake yuko kwenye shida, akasimama badala ya kupita, dini zetu zote zinamsifu, na mimi namsifu. Swali langu la leo liko mbele kidogo ya hapo. Moyo ukishaguswa, nani aseme kazi ni ipi? Mgeni, au mwenyeji?

Nitawapeleka mbali kidogo, hadi Nepal, kwenye milima ya Himalaya.

Mnamkumbuka Edmund Hillary? Tulimsoma shuleni. Mwanamume wa Nyuzilandi, mfugaji nyuki, ambaye tarehe 29 Mei 1953 alifika kilele cha Everest pamoja na Tenzing Norgay. Vitabu vingi vinaishia hapo: wawili wamefika juu, dunia imepiga makofi, basi. Mimi naona habari yenyewe inaanza baadaye. Mwaka 1960 Hillary alirudi Himalaya na msafara mwingine. Jioni moja walikuwa wamekaa kambini wanaota moto, yeye na Washerpa, wale watu wa milimani wanaowabebea wapandaji mizigo na kuwaongoza njia. Akamuuliza mmoja wao, Urkien: kama kuna jambo moja ninaloweza kuwafanyia watu wa kwenu, lingekuwa lipi?

Sikilizeni vizuri hapo, ndugu zangu. Huyu mtu alikuwa na umaarufu kuliko wapandaji wote duniani. Malkia wa Uingereza alikuwa amempa cheo. Angeweza kuamua mwenyewe, na nani angembishia? Lakini aliuliza. Aliuliza, halafu akasubiri jibu.

Na jibu lilikuja. Urkien alimwambia kwamba watoto wao wana macho lakini hawaoni, na wanachotaka ni shule katika kijiji cha Khumjung.

Khumjung iko karibu mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Ninyi mliowahi kulala Horombo kwenye Kilimanjaro mnaijua baridi ya mahali kama hapo. Mwaka 1961 shule ikafunguliwa. Lilikuwa jengo la vipande vya alumini, la kuunganishwa papo hapo, lililopelekwa huko juu kwa ndege ndogo. Lakini jengo si mwalimu, na alitafutwa mwalimu Msherpa, mtu anayejua lugha ya watoto wale. Habari zikasambaa mabondeni. Haukupita muda, watu wa vijiji vingine wakaleta maombi yao: na sisi tunataka shule. Thame ikapata, Pangboche ikapata. Miaka ilivyokwenda, mfuko alioanzisha Hillary, uitwao Himalayan Trust, ukajenga au kusaidia shule zaidi ya 20 na hospitali mbili, pamoja na zahanati, mabomba ya maji na madaraja.

Umeona mtiririko wake? Wenyeji wanaomba, mgeni anatafuta fedha na vifaa, kisha wenyeji na mgeni wanajenga pamoja. Sisemi kila kitu kilikwenda hivyo bila dosari. Dosari nitaifikia. Ila mpangilio wenyewe ulikuwa huo.

Chukueni mfano wa maradhi. Mwaka 1963 ndui ilipoingia maeneo yale, msafara wa Hillary ulichanja maelfu ya watu. Na kulikuwa na tatizo jingine ambalo hata sisi tunalijua: rovu, ule uvimbe wa shingo unaotokana na kukosa madini joto. Sisi huku tumehimizwa miaka mingi kula chumvi yenye madini joto. Kule milimani walikosa kabisa, na ukosefu huo haukuishia shingoni. Watoto walizaliwa na ulemavu wa akili, wengine viziwi. Mwaka 1966 hospitali ilifunguliwa katika kijiji cha Kunde, jirani na Khumjung, na madaktari wake wakaanza kuwadunga watu sindano za madini joto. Mtalii anayepita njia ile siku tatu ataiona ile shingo, atahuzunika, atapiga picha. Sababu yake ataijuaje? Anaijua aliyekaa, akapima, akawasikiliza akina mama wanaozaa watoto hao.

Na sasa nisimulie habari ya Lukla, maana ina utamu na uchungu ndani yake.

Ili kupeleka vifaa vya kujengea, ilihitajika ndege itue karibu. Wakatafuta mahali, wakanunua mashamba ya wakulima pale Lukla, na mwaka 1964 wakaanza kutengeneza uwanja. Ardhi ilikuwa laini, na mashine ya kushindilia udongo haikuwepo. Wafanye nini? Hillary akanunua pombe ya kienyeji, akawaalika Washerpa wacheze ngoma. Wakashikana mikono, wakapanga safu, wakakanyaga ule udongo kwa miguu yao kwenda na kurudi, mpaka ukakaza. Mimi kila nikiisoma habari hiyo nafurahi. Kiwanja cha ndege kimeshindiliwa kwa ngoma ya wanakijiji!

Huo ndio utamu. Uchungu ni huu. Uwanja uliojengwa kwa ajili ya mbao na mabati ya shule ukawa mlango wa watalii. Zamani msafiri alitembea siku nyingi kufika Khumbu, eneo la vijiji hivyo, sasa anashuka kwenye ndege asubuhi, mchana yuko njiani. Wageni wakaongezeka, nyumba za wageni zikaongezeka, kuni zikahitajika, miti ikakatwa. Fedha ziliingia, hilo ni kweli, na familia nyingi za Washerpa zilitoka kwenye ufukara. Lakini misitu iliumia, na Hillary mwenyewe alilisema jambo hilo hadharani, akapigania hifadhi ianzishwe. Mwaka 1976 Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha ikaanzishwa, kwa msaada wa serikali ya nchi yake. Mfuko wake nao ukafungua vitalu vya miche, miti ikapandwa upya.

Kwa nini nawaeleza haya? Kwa sababu hata msaada uliotolewa vizuri una matokeo ambayo hukuyapanga. Aliyekuja wiki mbili na kuondoka hatayaona. Hillary aliyaona kwa sababu alikuwa anarudi, mwaka baada ya mwaka. Alirudi hata baada ya msiba ambao ungemfanya mtu mwingine aichukie nchi ile. Machi 1975 alikuwa Phaplu, anajenga hospitali ya pili. Mkewe Louise na binti yao Belinda, mwenye umri wa miaka 16, walipanda ndege ndogo Kathmandu wamfuate. Ndege ilianguka mara tu baada ya kuruka. Wote wawili wakafa. Hillary alivunjika moyo kiasi ambacho watu wake wa karibu walimhofia. Lakini hospitali ya Phaplu ilimalizika, na kazi iliendelea mpaka alipofariki, Januari 2008, akiwa na miaka 88.

Sasa turudi nyumbani, kwenye mlima wetu, Kilimanjaro.

Kila siku pale kwenye malango ya Machame na Marangu utawaona vijana wamejipanga na mizigo. Watu wa mlimani wanawaita wagumu, na ugumu wao si wa jina tu. Mizigo inapimwa kwenye mizani, kikomo cha hifadhi ni kilo 20, halafu ongeza begi la mgumu mwenyewe. Mgeni anapanda taratibu, pole pole, chupa ya maji mkononi. Mgumu anampita na hema kichwani, amewahi kambini ili mgeni akute chai tayari. Siku ya tatu au ya nne, juu kwenye baridi kali, mgeni anatazama miguu ya yule kijana na kuona viatu vimepasuka. Hapo ndipo wito unapoingia.

Afanye nini? Wengi huvua viatu wakifika chini, wakampa. Ni upendo, na aliyepewa anashukuru. Lakini muulize mgumu mwenyewe, umkalishe chini, umpe muda, anataka nini? Nimewasikiliza wengi pale Moshi, na maneno yao yanafanana. Kwanza, ujira ulipwe kamili na kwa wakati. Chakula kiwe cha kutosha, siyo mlo mmoja kwa siku. Hema la kulala lisivuje. Na tipu ambayo mgeni ameitoa kwa moyo safi imfikie mkononi, isipotelee njiani. Kati ya kumi, labda mmoja atataja viatu kwanza.

Na wapo wageni waliosikia. Tangu mwaka 2003 pale Moshi upo mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unaojulikana kwa kifupi KPAP, ulioanzishwa chini ya shirika la wapenda milima la Marekani. Unawaazima wagumu jaketi, suruali na viatu vya mlimani bila malipo: unachukua, unapanda, unarudisha, mwenzako naye anachukua. Lakini kazi yake kubwa zaidi ni kufuatilia kampuni zinazokubali kushirikiana nao, kuona kama zinalipa inavyotakiwa, zinalisha, na kuzingatia uzito. Mgeni akiwa kwao bado, kabla hajakata tiketi, anaweza kuuliza kampuni anayoichagua inawatendeaje wagumu. Hapo amewatumikia watu ambao hata hajawaona sura.

Uliza, halafu subiri jibu. Nitalirudia neno hilo leo mpaka mlizoee.

Maana mtu asipouliza, wito wake unaweza kuwaumiza watu. Hili ni zito, naomba mlisikilize kwa makini. Wageni wengi wakiguswa moyo hukimbilia vituo vya watoto yatima. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Mtoto anakukimbilia, anakukumbatia, anakushika mkono hataki kuuachia. Nani asiguswe? Lakini nchini Kambodia, uchunguzi wa serikali na UNICEF ulionyesha kwamba watoto wengi katika vituo hivyo walikuwa na angalau mzazi mmoja aliye hai. Nepal nako, nchi ile ile ya Hillary, walionekana watu wanaokwenda vijiji vya mbali, wanamwahidi mzazi maskini kwamba mwanawe atasoma mjini, wanamchukua, wanamweka kwenye kituo kilicho karibu na njia ya watalii. Mgeni analeta fedha kwa sababu kuna watoto, na watoto wanaletwa kwa sababu mgeni ana fedha. Mwaka 2018 Australia ilipopitisha sheria yake ya utumwa mamboleo, biashara hiyo ya watoto ilizungumzwa waziwazi katika mjadala wake.

Na hata kituo kiwe cha halali, jiulize: mtoto anazoea mtu wiki mbili, anamwita mama au anti, halafu mtu huyo anaondoka. Anakuja mwingine, anaondoka. Moyo wa mtoto unafunzwa nini hapo? Mgeni amekwenda na kumbukumbu nzuri. Mtoto amebaki akiagana tena. Ukitaka kumsaidia yatima, ulizia shangazi yake yuko wapi, ulizia bibi yake anahitaji nini ili aweze kumlea nyumbani. Mara nyingi ni ada, sare na debe la mahindi.

Naona hapa wageni nimewasema vya kutosha. Sasa tusemane sisi wenyeji, na nitasema kwa mapenzi.

Sisi tuna methali yetu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliikumbusha katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, alipokuwa akieleza kwamba kwetu kila mtu alikuwa mfanyakazi. Mimi leo naitazama kwa upande mwingine. Nani anatoa jembe? Ni mwenyeji. Nani anamwonyesha mgeni shamba, na kumwambia huu ni mche, haya ni magugu? Ni mwenyeji. Mgeni ambaye hakuonyeshwa atalima kwa bidii mpaka jasho limtoke, na jioni utakuta ameng'oa mihogo.

Na sisi tukiulizwa, tunajibu? Hapo ndipo pananiuma. Uungwana wetu unatuzuia kusema. Nimewahi kufika shule moja, siitaji, ambayo wageni vijana walikuwa wamechora ukuta wa darasa twiga na tembo, rangi nzuri kabisa. Nyuma ya darasa lile matundu ya vyoo yalikuwa yametitia, wasichana wanavuka barabara kwenda kuomba choo kwa majirani. Nikamuuliza mwalimu mkuu, hawa vijana waliwauliza mnahitaji nini? Akasema ndiyo, waliuliza. Mlijibuje? Akasema: tuliwaambia chochote mtakachotupa tutashukuru.

Chochote! Jamani, hilo si jibu. Mgeni ametoka mbali na moyo wake mkononi, anaomba kazi, na sisi tunamwambia chochote. Pale pale kijijini alikuwepo fundi mwashi, anaujua udongo wa kwao, amekaa hana kazi, na fedha za rangi zingetosha kumwanzishia msingi wa choo. Urkien hakusema chochote. Alisema shule, akataja na kijiji.

Kumwambia mgeni ukweli ni kumheshimu. Kamati ya shule ikae, iandike mahitaji yake kwa mpangilio, jambo la kwanza liwe la kwanza. Mgeni akija, mkaribisheni, mpeni chai, halafu mumwonyeshe ile karatasi. Akisema hana uwezo wa hili, mwambieni lipi lifuate. Akisema anataka kufundisha Kiingereza wiki mbili na mnaona kitawavuruga watoto kabla ya mtihani, mwambieni hapana kwa upole. Na akiwa na ujuzi, mtafutieni wa kujifunza kwake. Daktari mgeni asifanye upasuaji peke yake huku daktari wetu amesimama mlangoni.

Kule Kunde, kwa miaka mingi hospitali iliongozwa na madaktari kutoka Nyuzilandi na Kanada. Walikuja kwa zamu, na mara nyingi mtu na mkewe. Miongoni mwa wasaidizi wao alikuwepo kijana Msherpa, Kami Temba, aliyesoma katika shule zilezile alizojenga Hillary. Alifanya kazi ya msaidizi wa afya miaka mingi, akawatafsiria madaktari, akajifunza kwa mikono yao. Kisha akapelekwa Fiji kusomea udaktari, mtu mzima tayari, ana familia. Akahitimu, akarudi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 akawa daktari mkuu wa hospitali ile. Mwanafunzi mwingine wa Khumjung, Mingma Norbu, akawa Msherpa wa kwanza kuiongoza hifadhi ya Sagarmatha. Watoto wa shule ya alumini ndio waliokuja kuponya wagonjwa na kulinda msitu.

Nina neno pia kwa vijana wetu, maana siku hizi nasi tunasafiri. Madaktari wetu wanakwenda kambi za matibabu mikoa ya mbali, wanafunzi wa vyuo wanakwenda vijijini wakati wa likizo, na wapo wanaovuka mipaka kwenda kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi. Nanyi mkifika ni wageni. Usidhani kwa kuwa unasema Kiswahili basi unakijua kijiji. Kaa na balozi wa nyumba kumi, kaa na mkunga, kaa na yule mama anayeuza maandazi njia panda. Uliza.

Muda wangu unakaribia kwisha, mitambo inanionyesha. Wiki ijayo, kwenye muda huu huu, nataka sauti zenu. Wewe uliyewahi kumpokea mgeni aliyetaka kusaidia kijijini kwenu, niandikie ujumbe unieleze: alikuuliza? Ulimjibu nini? Na kama kamati yenu ya shule au ya zahanati imewahi kumwambia mfadhili hapana, nataka kusikia mlivyosema na yeye alivyopokea. Nitazisoma jumbe zenu hapa hapa, na wale watakaokubali tutawapigia simu tuzungumze. Usiku mwema.